Mfundisha Maksai Anakwenda Uwanja wa Ndege

Beda Christopha wa Kaengesa hufundisha maksai. Watu wa vijiji vya jirani humletea madume wachanga waliokwisha kuhasiwa, na baada ya wiki chache huwachukua wakiwa wanajua kuvuta plau na kugeuka mwisho wa shamba bila kuvuruga mistari. Hapigi. Humfunga mgeni nira moja na Tajiri, maksai wake mzee, kisha mtu mmoja hutangulia mbele na kamba, naye Beda hufuata nyuma ameshika plau. Mtu wa mbele ndiye mwenye kazi. Dume asiyezoea hasikilizi sauti inayotoka nyuma. Anafuata mgongo ulio mbele yake.

Kwa miaka mingi mgongo huo ulikuwa wa Justa, mtoto pekee wa Beda na mkewe Melania. Justa alianza kuongoza maksai kabla hajamaliza darasa la tatu, akaacha alipokwenda sekondari ya wasichana, na kutoka huko akaingia utawani. Siku hizi mwenye dume hutangulia mwenyewe. Wengi hugeuka nyuma kila baada ya hatua chache kutazama kama pembe ziko mbali, na dume hujifunza kusimamasimama.

Siku Sista Justa alipoweka nadhiri za daima, Beda hakuwepo. Katika shirika lao mzazi humshika binti mkono na kumfikisha altareni. Melania alikuwa kitandani, hawezi kugeuka bila kusaidiwa, na Beda akabaki naye. Mkono wa Justa ulishikwa na baba mdogo kutoka Sumbawanga mjini. Picha ya tukio hilo ipo nyumbani kwa Beda, imegeuka kidogo kuelekea ukuta, kwa sababu msumari ulipinda.

Melania alifariki mwezi wa tisa. Justa alikuja kuzika, akakaa siku mbili katikati ya watu, akarudi Mbeya kwenye nyumba ya shirika lake. Mwezi wa pili akapiga simu. Alikuwa amepangiwa kwenda Italia, kupitia Dar, na wenzake wawili, kuhudumia wazee katika nyumba inayosimamiwa na shirika. Likizo ya kwanza ni baada ya miaka mitano.

"Wazee wa nani?" Beda aliuliza.

"Wa huko huko, baba. Hawana watu wa kukaa nao."

Justa akaendelea: "Baba, naomba uje uwanja wa ndege. Uniwekee mkono kichwani kabla sijaondoka. Safari hii asinishike mtu mwingine."

"Nitakuja."

"Utakujaje?"

"Kwa treni."

Sumbawanga hakuna reli. Lakini Beda alikuwa na hesabu yake. Basi lingemfikisha Tunduma, na kuanzia Tunduma angepanda treni hadi Mbeya, alale nyumba ya masista, na kesho yake aende nao Songwe kwenye uwanja. Barabara ya Tunduma hadi Mbeya hakuiamini, maana malori ya mizigo hupanga foleni pale hadi basi likakosa pa kupita. Treni ina njia yake. Isitoshe, ndiyo safari aliyoijua. Mara moja tu katika maisha yake alikuwa amepanda treni, akimpeleka Melania hospitali Mbeya, na ingawa mgonjwa alikuwa mgonjwa, siku ile walikaa dirishani wakacheka kama watoto.

Siku mbili kabla ya safari ya Justa, Beda alikwenda Kizwite, Sumbawanga mjini, kwa shemeji yake Jovina, ili asubuhi awahi basi stendi. Jovina, mdogo wake Melania, anauza maandazi mbele ya nyumba yake na hana desturi ya kupunguza maneno. Alimtazama Beda akitoka na koti lake la kanisani na fimbo yake ya ng'ombe.

"Shemeji, hiyo fimbo unaenda kuswaga ndege?"

"Nimezoea kushika kitu."

"Kashike mtoto. Fimbo utaikuta hapa."

Beda aliondoka nayo.

Basi lilishuka uwanda wa Ufipa kwenye lami nzuri, mvua ikinyesha na kuacha, maharage yakiwa yamechanua pande zote. Walipita Laela, kisha vijiji ambavyo Beda alivifahamu kwa madume yao. Ilipofika mchana alikuwa mbele ya geti la stesheni ya Tunduma. Lilikuwa na kufuli. Ndani, mlinzi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya paa, buti zake ameziweka pembeni zikauke. Jina lake Ngeleja, mtu wa Shinyanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Treni ya Mbeya inafika saa ngapi?"

"Haifiki. Mvua imebeba tuta huko mbele, reli inaning'inia. Wiki ya pili hii."

"Na kesho?"

"Mzee wangu, mimi nalinda geti. Siku wakiniletea treni nitaiona kama utakavyoiona wewe."

Beda alisimama akitazama reli kupitia vyuma vya geti. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kati ya mataruma. Ngeleja, ambaye kwa wiki mbili alikuwa ameshajibu swali hilo kwa watu wengi, aliona kwamba huyu haondoki, akamuuliza anakwenda kufanya nini Mbeya. Beda alimweleza. Ngeleja alivaa buti zake mbichi, akafungua geti.

"Ingia ukae. Leo hupiti barabarani. Mizigo yote iliyokuwa inapita relini imehamia kwenye malori, na malori yamesimama mpaka Mpemba. Kesho alfajiri nitakupeleka mwenyewe kwenye kosta ya kwanza."

Beda alilala kwenye benchi la abiria, abiria pekee wa stesheni ile. Asubuhi Ngeleja alimfikisha kwenye kosta kama alivyosema, akamwambia konda, "Huyu mzee anawahi ndege," na abiria wakageuka kumtazama mwenye fimbo anayewahi ndege.

Kosta ilikwenda vizuri kwa muda mfupi. Kabla ya kufika Vwawa ilisimama nyuma ya lori, na mbele ya lori hilo palikuwa na lori, na hivyo hivyo hadi kilimani. Habari ilishuka kutoka juu kwa miguu: semi lenye shehena ya shaba limeteleza, tela limekaa mshazari, breki za hewa zimekufa. Madereva walikuwa wamewasha majiko ya mkaa chini ya matela yao. Ambaye anapika ugali barabarani hategemei kuondoka karibuni.

Simu ya Beda iliita.

"Baba, uko wapi?"

"Njiani. Malori yamefunga."

"Treni je?"

"Hakuna treni."

"Sisi tutafika uwanjani saa saba. Saa nane na nusu wanatuingiza ndani, baba, na ukishaingia hutoki."

"Nitafika."

Alishuka. Alianza kutembea ukingoni mwa lami, kati ya mtaro na magurudumu yaliyomzidi kimo, fimbo mkononi. Wapo madereva waliomsalimia, na wapo waliomuuliza kama ng'ombe wamempotea. Mvua ilianza tena. Koti la kanisani lilikuwa limelowa mabegani wakati kijana wa bodaboda, Alex, aliposimama kando yake.

"Shikamoo mzee. Wapi hiyo?"

"Uwanja wa ndege."

"Songwe? Duh! Unasafiri?"

"Namsindikiza mwanangu."

"Pikipiki umeshawahi kupanda?"

"Nimepanda ng'ombe."

"Basi hii ni hivyo hivyo, ila yenyewe haisimami kula majani. Shika hapa. Hiyo fimbo iweke wima, mzee wangu, tusije tukatoboa mtu."

Walipita pembezoni, mahali pengine kwenye njia ya miguu, mahali pengine katikati ya malori mawili ambapo Beda alifumba macho. Waliliona lile semi lililoteleza, watu wamelizunguka kama msiba. Ng'ambo yake barabara ilikuwa tupu. Walipofika Mlowo, Alex alimwingiza kwenye kosta iliyokuwa inageuza kurudi Mbeya kwa kuwa haikuweza kuendelea, akamwambia dereva kwa sauti kubwa, "Mshikaji, huyu ni baba yangu, mshushe njia panda ya uwanja, usimpitilize." Beda hakuwa ameitwa baba na kijana wa kiume maishani mwake. Aliinua fimbo kumuaga, na Alex alikuwa ameshaondoka.

Ilikuwa saa nane na robo Beda alipofika mbele ya jengo la uwanja wa ndege, amelowa hadi magotini kwa matope, na akawaona. Masista sita walikuwa wamesimama kwenye ukumbi wa nje, karibu na mlango wa kuingilia abiria. Watatu walikuwa na mabegi. Wa katikati alikuwa Justa. Alimwona baba yake, akaachia begi.

Palibaki robo saa, na robo saa inatosha kumwekea mtoto mkono kichwani.

Lakini kati ya Beda na mwanawe alisimama Sista Kristiana, mama mkuu wa shirika. Ni Mfipa wa Ilemba, mwenye umri sawa na wa Beda, na tangu Melania afariki walikuwa hawajaonana. Wakati wa mazishi alikuwa nje ya nchi. Watu wawili wa kwetu Ufipa wakionana mara ya kwanza baada ya msiba, hawapiti hivi hivi. Beda asingeweza kumpita mkubwa wa nyumba iliyomlea mwanawe akaenda kumgusa mtoto kwanza. Wala Sista Kristiana asingeweza kumwona mfiwa akasema "pole" kwa kusimama, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni.

Beda aliweka fimbo chini, akachuchumaa. Akapiga makofi ya polepole, viganja vimejikunja. Sista Kristiana alikusanya gauni lake, naye akachuchumaa kwenye vigae vya uwanja wa ndege, magoti yakilia, akaitikia makofi. Wakasalimiana kwa Kifipa. Waliulizana nyumba. Waliulizana mashamba, mifugo, mvua, majirani, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize, makofi yakifuata kila jibu. Masista wengine waliinamisha vichwa. Justa alikuwa hatua tatu nyuma ya mama mkuu. Alikuwa amelelewa na watu hawa wawili, na kutoka kwa wote wawili alijifunza kwamba mtoto haingilii salamu za wakubwa. Alisimama.

Madereva wa teksi walikuwa wakitazama.

"Lwitiko, njoo uone. Wazee wamedondosha nini?"

"Hawajadondosha kitu," alijibu Lwitiko, Mnyakyusa aliyewahi kuishi Sumbawanga. "Wanasalimiana."

"Mpaka chini?"

"Hapo bado. Ngoja waingie kwenye habari zenyewe."

Wakaingia. Sista Kristiana alitoa pole. Na akauliza, kama inavyopasa kuuliza, ilikuwaje.

Swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Mfiwa hueleza ugonjwa tangu ulipoanza, na anayepewa habari husikiliza hadi mwisho. Ndivyo anavyoubeba msiba pamoja na mwenzake. Beda alianzia mwanzo. Alieleza mguu uliovimba wakati wa palizi. Alieleza dawa za dukani, kisha zahanati, kisha Melania kukataa kulala mbele ya wageni ingawa hawezi kukaa. Alieleza safari ya hospitali, basi hadi Tunduma, treni hadi Mbeya, na jinsi mgonjwa alivyoomba akae dirishani. Hakuharakisha. Huenda hakujua namna ya kuharakisha. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza jambo hilo kuanzia mwanzo, maana Kaengesa wote walikuwepo na walijua.

"Tukafika hospitali," alisema Beda.

"Masista watatu wa Dar!" Ofisa wa mlangoni aliita. "Jamani, tunafunga!"

Sista Kristiana alishtuka, akapiga makofi ya kumalizia, mengi na ya haraka. Wasindikizaji wa abiria wengine walisukuma vitoroli. Sista mmoja alimwinua mama mkuu kwa kwapa. Beda aliegemea fimbo, goti la kwanza likakubali, la pili likagoma. Alipokuwa amesimama wima, begi la Justa lilikuwa limeshaingia kwenye mashine na Justa mwenyewe alikuwa upande wa pili wa mlango, amegeuka, anamtafuta.

"Naomba nimshike tu," Beda alimwambia ofisa. "Kichwani. Basi."

"Mzee, bila tiketi haingii mtu."

"Yuko hapo hapo."

"Namwona, mzee. Na wewe unamwona. Ila sheria ni hiyo."

"Baba!" Justa aliita. Mtu nyuma yake alimwomba asogee, akasogea.

Hakuna aliyekosea, na kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa. Mama mkuu alikuwa amejishika kinywa. Alisema, "Baba Justa, nimekula muda wako," na Beda akajibu, "Hapana, Mama, ulikuwa wa msiba."

Pembeni ya jengo kuna uzio wa waya ambako wasindikizaji husimama kutazama ndege. Beda alikwenda huko. Abiria walitoka kwa miguu, wakifuata mistari iliyochorwa chini. Masista watatu walitoka pamoja, wamevaa sare moja, gauni, shela na sweta la kijivu, na wote walikuwa wamempa mgongo. Beda alitazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Macho yake si mabaya, lakini ilimshinda kumjua mwanawe ni yupi. Mgongo alioutazama kwa miaka yote ile akiwa nyuma ya plau ulikuwa wa mtoto mwenye sketi ya shule.

Ndipo mmoja wao, aliyekuwa nyuma kidogo, aligeuka akatazama uzio mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Akaweka begi chini. Akachuchumaa pale pale kwenye lami, abiria wakimpita pande zote mbili, akapiga makofi. Hayakusikika. Injini zilikuwa zimeshawashwa.

Beda alipitisha vidole kwenye waya, lakini mkono haukupita. Akautoa, akaunyosha juu ya uzio, kiganja kimetazama chini, akaushikilia hapo. Mfanyakazi mmoja mwenye kizibao cha kung'aa alimkimbilia sista akidhani ameanguka, akamshika mkono, akamwinua, akamwelekeza kwenye ngazi.

Mkono wa Beda ulibaki juu hadi mlango wa ndege ulipofungwa. Ndege ilikwenda mwisho wa njia, ikarudi kwa kasi, ikaondoka. Wingu lilikuwa chini siku ile, halikuchukua muda kuimeza.

Wasindikizaji wengine walitawanyika. Dereva wa masista alipiga honi kidogo, ya heshima. Sista Kristiana alimfanyia ishara asubiri, akaja hadi kwenye uzio, akasimama karibu na Beda. Kisha akakusanya gauni lake, akachuchumaa kwenye majani mabichi.

"Baba Justa," alisema, "mlikuwa mmefika hospitali."

Beda alimtazama. Akaweka fimbo chini, akachuchumaa.

"Tulifika hospitali," alisema. "Wakatupa kitanda cha karibu na dirisha. Honi ya treni inasikika pale. Kila ikilia, Melania anauliza, hiyo inakwenda kwetu? Namwambia inakwenda Tunduma, kwetu tunamalizia kwa basi. Anasema, basi akija Justa mwambie tutarudi na ile."

Alieleza yote yaliyobaki. Alieleza daktari aliyewaita pembeni, safari ya kurudi, wiki za kitandani, siku ya nadhiri ambayo Melania alimwambia "nenda" naye hakwenda. Alieleza asubuhi yenyewe. Alieleza kaburi liko upande gani wa nyumba na nani walichimba. Hakuna aliyewaita. Alipomaliza, Sista Kristiana alipiga makofi ya polepole, mpaka mwisho, na wakasaidiana kuinuka.

Gari la masista lilikuwa linakwenda Mbeya, upande wa pili. Walimfikisha njia panda, wakampa mkate na sweta la kijivu la masista lililobaki garini, akalivaa juu ya koti lililolowa. Malori yalikuwa yameanza kutembea. Baada ya muda kosta ya Tunduma ilipunguza mwendo, na konda akatoa kichwa dirishani.

"Wangapi hapo, mzee?"

"Mmoja," alisema Beda, akapanda.